Kombe la Hesabu

Msambweni, Novemba 1956

Baba, shikamoo. Natumai kazi ya reli huko Mackinnon Road haikuchoshi. Mihogo yetu imeota vizuri.

Skulini madaftari yamekwisha, basi Maalim Haji ametuazima mbao za chuo chake cha Kurani, twaandikia hesabu kwa wino wa masizi. Mtihani ulipokaribia, homa ilinishika na dawa hatukuwa nayo. Bibi, kwa kuwa hajui kusoma, alidhani ubao wangu wa hesabu una aya za Kurani. Akauosha, akaninywesha maji yake kama kombe, ile dawa ya aya zilizooshwa.

Nilipopona nilikwenda kumwomba Maalim radhi kwa ubao wake kutumiwa hivyo. Hakucheka. Alisema hesabu nazo ni elimu itokayo kwa Mungu.

Nimefaulu, Baba. Sasa Bibi ataka kuosha mbao za darasa zima.

Mwanao akuombeaye afya,
Mwanatumu