Kazi Mbili Juu ya Sauti Moja

Jumamosi, jioni. Manyunyu yamenyesha Moshi tangu mchana na mlima haujaonekana kabisa. Nimefunga mlango, nimeweka chai pembeni, na sijaigusa.

Naandika kwa sababu nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Nimerudi kutoka Marangu, nyumbani kwa marehemu Mzee Eliaika. Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za kituo kidogo hapa Majengo kinachorekodi simulizi za wazee wa mlimani. Mwaka jana mwenzangu Josia alipanda kwenda kumrekodi mzee huyo. Mzee alisimulia habari za mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji kutoka msituni, na ukoo gani ulichimba upi. Mwishoni akawabariki wajukuu wake kwa Kichagga, akiwataja mmoja mmoja kwa jina. Haikupita miezi mingi akafariki.

Wiki iliyopita binti yake, dada Ndeshi, alinipigia simu. Familia inajiandaa kwa ibada ya kuweka msalaba kaburini, na walitaka wajukuu waisikie ile baraka. Nikamjibu papo hapo, bila hata kuwasha kompyuta: "Ipo dada, wala usiwe na wasiwasi. Sisi tunafanya bakapu kila saa."

Kila saa. Na nilivyolisema kwa kujivuna!

Diski kubwa ya kituo ilikuwa imekufa siku chache kabla ya simu hiyo, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Sikuogopa. Tuna diski ya pili, na kompyuta ilikuwa inanakili kila kitu humo saa baada ya saa. Nikaketi kuitafuta sauti ya mzee. Faili lilikuwepo, jina lake sahihi. Nikabonyeza. Mzee akakohoa, akauliza, "Nianze?" Ukafuata mkwaruzo, kisha kimya.

Nikafungua faili jingine. Mkwaruzo. La tatu lilikuwa zima. La nne liliishia katikati ya neno.

Nilielewa haraka kuliko nilivyopenda. Nilipoipanga ile kazi ya kunakili, rekodi zilikuwa chache na kompyuta ilimaliza mara moja. Ilikuwa inafuta nakala ya zamani na kuandika mpya. Baadaye tukaanza kuchukua na video, mafaili yakanenepa, na kunakili kukawa kunavuka saa nzima. Saa mpya ilipofika, kazi ya pili ilianza wakati ya kwanza bado haijamaliza. Zote mbili kwenye diski ileile, mahali palepale. Moja inaandika, nyingine inafuta nyuma yake ikidhani inasafisha mabaki.

Kulizuia jambo hilo ni mistari michache tu. Unaweka kufuli: kazi ikitaka kuanza, inaangalia kwanza kama mwenzake bado yumo ndani. Akiwemo, inaondoka na kutoa taarifa. Nilijua. Na kompyuta iliwahi kunitumia ujumbe kwamba inazidiwa, ujumbe juu ya ujumbe, mpaka nikachoka simu kulialia mfukoni.

Nikauzima.

Hata hivyo, kinachoniuma zaidi si hicho. Mkurugenzi wetu, mama Aneth, alipokuja kuuliza kulikoni, alijijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. "Umeme huu utatumaliza jamani." Nami nikasema, "Kweli mama." Akanipa pole. Josia, aliyezunguka vijiji vile vyote na kinasa sauti begani, akaninunulia chai na chapati kwa kunihurumia. Nikala.

Leo asubuhi nikashindwa kuendelea. Nilikiweka kile kipande kilichobaki kwenye simu, nikaenda Himo, nikapanda Marangu bila kumuaga mtu. Kwenye uzio wa kihamba chao, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, kuna masale. Huku kwetu mtu akikuletea jani la sale anaomba msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia. Nilishika jani moja nikataka kulichuma. Nikaliachia. Nilijiona nataka jani liwabane wanisamehe kabla hawajajua nimefanya nini.

Bibi Anaeli, mjane wa mzee, alikuwa barazani na dada Ndeshi, wanachambua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umetuletea mzee?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Niliwaambia yote nikiwa nimesimama. Kwamba umeme uliua diski moja, lakini nakala niliiharibu mimi kwa uzembe. Kwamba niliposema ipo, nilikuwa sijaangalia. Dada Ndeshi aliacha kuchambua, akanikazia macho. Bibi akaomba asikie kilichosalia. Nikabonyeza. Kikohozi. "Nianze?" Mkwaruzo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaomba tena. Nikarudia tena.

Kisha akasema taratibu, macho yake yakiwa kwenye migomba: "Siku ile nilikuwa jikoni, napika mtori. Nilimsikia anaongea huko ndani. Nikajiambia, acha nimalize kupika, nitamsikiliza baadaye. Si wanarekodi?"

Nikairudisha simu mfukoni.

Nilikuwa nangojea ile "hamna shida" yetu ya kufunikia kila kitu. Dada Ndeshi hakuitoa. "Nashukuru umekuja mwenyewe," alisema. "Ila shida ipo, na sitakudanganya kwamba haipo. Jumamosi ijayo njoo kwenye ibada. Watoto wanajua babu yao aliwaachia maneno. Utawaeleza wewe, siyo mimi."

Bibi aliniletea kikombe cha maziwa. Niliyanywa yote, maana sikuwa na haki hata ya kukataa.

Niliporudi mjini nilipitia ofisini, nikaweka lile kufuli. Nikaanzisha kazi ya kunakili, nikaanzisha na ya pili makusudi. Ya pili ikakuta mlango umefungwa, ikaondoka, na simu yangu ikalia. Imekubali. Sikufurahi hata kidogo. Halafu nikafanya kitu ambacho katika kazi hii sijawahi kukifanya: nikafungua rekodi moja iliyopona, ya bibi mmoja wa Mwika, nikaisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa naziita "data". Bibi yule anacheka vizuri sana.

Kisha nikamwandikia mama Aneth: "Si umeme, mama. Ni mimi. Jumatatu nitakueleza." Nikamtumia na Josia. Wote wawili wameusoma. Hakuna aliyejibu.

Sasa najaribu kuandika nitakachowaambia wajukuu wa mzee. Kila nikianza, sentensi inatanguliwa na "mfumo ulipata hitilafu". Naifuta. Najaribu tena, inakuja "kwa bahati mbaya". Nayo naifuta.

Imebaki "mimi". Nitaanzia hapo, na sijui kama sauti itatoka.