Laptopu ya Kwenda Nayo Siyu

Dada Esha,

Nimenunua laptopu. Najua ungeuliza ipi na kwa nini, na tangu uondoke sina mwengine wa kumweleza mambo haya akanielewa.

Ile uliyokuwa ukichorea nyumba za zamani ilikuwa ya ofisi. Baada ya arubaini yako waliichukua, nikabaki na flashi yako na futi ya kupimia. Kisha Bi Rukia akanipigia simu kutoka Siyu. Ukuta wa nyumba yake umezidi kupasuka, wanawe wataibomoa Jumatatu wajenge ya matofali. "Na ule mchoro alioniahidi dadako?" akaniuliza. Orofa ya juu hukuwahi kuimaliza.

Sikutulia tena. Kwa siku mbili nilikwenda duka la Bwana Swaleh mara tatu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi. "Hii waitukua kwa mkono mmoja," akaniambia, na betri yake yafika jioni. Nikafungua mchoro wako, ikaganda. Ya pili iliufungua papo hapo, lakini nzito, na betri haidumu saa mbili. Nikaiwaza ile ndia ya miguu toka mashuani mpaka mjini Siyu, na nyumba yenyewe haina umeme. Ya tatu ilikuwa na kila kitu. Nikauliza bei, nikairudisha mezani taratibu. Nikatoka, nikarudi, nikatoka.

"Bi Mwanaidi, kaa kwanza unywe maji," Bwana Swaleh akasema.

Hakujua kinachonisumbua. Hata wewe hukujua. Ule mlango wa chini wa Bi Rukia, ulioandika upana wa sentimita tisini, dada, sikuupima. Jua lilikuwa kali, nimechoka, ukaniuliza namba nami nikakutajia tu. Ukaniamini, ukaandika. Nilikuwa nataka kukwambia. Kisha ikaja ile homa.

Nikachukua ya nne, iliyotumika, pembe moja imemeguka. Uzito wake wabebeka, mchoro ikaufungua bila kusita, bei niliimudu. Betri hukaa kama saa nne hivi. Nikajiambia zitanitosha nikiwahi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Siyu. Sikuwa na wa kunishikia ncha ya futi, basi Bi Rukia akaishika mwenyewe, na magoti yake yale, tukapanda juu. Yeye akisoma namba kwa sauti, mimi naandika. Tulipofika kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, akanionyesha kimoja kimoja, mamake alikuwa akiweka nini. Sikuwa na moyo wa kumharakisha. Betri ikazimika chumba kimoja kikiwa kimebaki, nikakiandika kwa penseli nyuma ya bahasha.

Mlango niliupima mwisho. Themanini na nne. Nikaupima tena. Nikasimama pale nalia, Bi Rukia akadhani ni kwa ajili ya nyumba.

Jumatatu wakaibomoa.

Bado sijatulia, dada. Nakaa, nainuka, nafungua mchoro, naufunga. Mlango nimeurekebisha. Jina lako nimeliandika juu, langu chini yake. Nisamehe zile sentimita sita.

Mungu akunawirishie kaburi lako. Alhamisi nampelekea Bi Rukia karatasi za mchoro wake, na nitakaa naye mpaka azitazame zote.

Nduguyo,
Mwanaidi