Shikamoo Kwenye Piano

Jumanne

Kiwiko bado kinauma. Leo mchana nilijifungia kwenye ukumbi wa kanisa hapa Mirongo, nikakanyaga pedali ya piano, ile inayoacha nyuzi ziendelee kuvuma, bila kuiachia, nikawa nagonga noti za chini kwa kiwiko huku nikiitwanga ngoma ya kwaya. Haukuwa wimbo. Ilikuwa hasira.

Juzi tulimzika baba huko Misungwi. Tangu niachane na mume wangu, hakuitikia salamu yangu hata mara moja.

Nikafunua mfuniko, nikazipigia nyuzi kelele: "Shikamoo baba."

Nikatega sikio. Nyuzi zikavuma zenyewe, kwa sauti nzito: aa... aa...

Najua, ni mwangwi wa sauti yangu. Lakini marahaba nayo inaishia hivyo.

Sikuthubutu kuinua mguu mpaka alipomaliza.