Dawa Inayopungua

Jumatatu, 4 Machi

Manyunyu tangu alfajiri. Kifua kimebana. Mimba imetimiza miezi sita. Namba ya mivuto iliyobaki kwenye inhela yangu ya pumu: 60. Navuta mara mbili asubuhi, mara mbili jioni – itanifikisha tarehe 18, siku ya kuchukua nyingine kliniki. Mama mkwe akaniangalia nikivuta. Eti wa kwanza nilimpa pumu, huyu wa pili namwandalia nini? Binti yetu alikuwa hapo hapo anakunywa chai. Miaka mitano, anasikia kila kitu. Nikaenda zangu karakanani kushona sare.

Jumanne, 5 Machi

Mawingu. Namba 52. Ilipaswa kuwa 56.

Kliniki foleni hadi mlangoni. Nikamuuliza daktari kama ni kweli mimi ndiye niliyemwambukiza mwanangu. Akasema pumu haiambukizi, hurithiwa, tena hata upande wa baba. Ila kinga ya mwili wangu ikichachamaa kila siku, mtoto wa tumboni naye inamgusa. Nikiidhibiti pumu nampunguzia hatari. Si kwamba ni hakika, lakini nampunguzia. Nisiruke hata siku moja. Akauliza kama kwa kina mume wangu kuna mwenye pumu. Nikasema hakuna. Mama mkwe huapa kwamba ukoo wao una vifua vya chuma.

Alhamisi, 7 Machi

Jua kali, upepo wa vumbi. Namba 36. Ilipaswa kuwa 44!

Mume wangu anasema labda navuta nasahau, wajawazito wana usahaulifu. Mimi! Ninayeandika hata siku tuliyobadilisha balbu ya chooni. Nikamwonyesha daftari. Akacheka: "Basi kuna panya mwenye pumu humu ndani." Haikunichekesha. Mama mkwe alikuwa anafagia, akapaliwa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Vumbi, akasema.

Jumamosi, 9 Machi

Joto, hakuna upepo. Namba 20. Nina siku tano za dawa, na zimebaki tisa hadi tarehe 18. Famasia ya mtaani hawana.

Kazini tumetoka saa saba. Mume na binti wameenda kwa kinyozi. Nilidhani nyumba ni tupu. Mlango wa stoo uko wazi kidogo – mama mkwe amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, inhela yangu mdomoni, macho amefumba. Kifua chake kinapiga mluzi. Mluzi ule ule wa binti yangu.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu alipokuwa msichana. Nikasema, na miaka yote hii unanisema mimi? Akaifunika inhela kwa kiganja.

"Usimwambie mwanangu."

"Hii ni ya mtoto huyu, mama. Ya tumboni."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa navuta kidogo tu."

Nikamwambia Jumatatu tunaenda kliniki wote wawili, apate yake. Akasema haendi, watu watamwona. Nikaichukua mkononi mwake. Namba 14.

Nimekuja kujilaza. Inhela iko chini ya mto. Anakohoa upande wa pili wa ukuta. Nimekasirika, na bado nahesabu kila kikohozi. Sasa amenyamaza. Sijui amepata nafuu au ameziba mdomo kwa kanga.

Nalala sasa, saa tisa na robo alasiri.