Sahani Mbili za Mukuju

Mama Apio wangu, hujambo huko Busia?

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba mlo mmoja mkubwa umeharibu kazi ya miezi ya kupunguza uzito. Jana hapa Mukuju shemeji alinitazama akacheka: "Mzee, unakonda hivi, Mama Apio anakunyima chakula?" Ili asikuseme vibaya, nikala sahani mbili za ugali wa wimbi na kuku wa karanga. Vilikuwa vitamu, ila hapakuwa na wa kuninyang'anya kipapatio. Asubuhi nimetembea kama kawaida, nikikuachia upande wako wa barabara. Nimekukumbuka mno.

Umeniambia kwamba tangu ushibe ile pilau ya arusi umeacha kutembea, na magoti yanauma tena. Leo jioni vaa raba, utembee hadi sokoni.