Bawa la Vidole Sita

Jumatatu, 3 Juni

Kozi imeanza. Wiki mbili. Chumba ni kirefu, kila mtu na hadubini yake, na kwenye kona kuna mashine ya kutotolea mayai inayonguruma kama paka aliyeshiba. Nimechukua kiti cha karibu nayo. Nataka kuwa jirani na mayai.

Mwalimu ni mama mwembamba mwenye sauti ya chini. Amesema "taratibu" mara nyingi hivi kwamba chai ilipofika tayari alikuwa na jina: Bi Taratibu. Aliyempa ni Miwani, ninayefanya naye kazi maabara moja. Mimi ni fundi wa vyombo na dawa, niliishia kidato cha nne. Yeye ana diploma na ni mdogo kwangu, ananiita dada. Tumetumwa pamoja, na mkuu wetu hakuficha: chumba kipya cha viinitete kitakuwa na msimamizi mmoja. Atakayesifiwa na Bi Taratibu ndiye.

Nakitaka kile chumba. Sijamwambia mtu.

Jaribio la mwisho ni hili. Kiinitete cha kifaranga kikianza kuchipua mabawa, unachukua kipande kutoka ukingo wa nyuma wa bawa, unakipandikiza ukingo wa mbele wa bawa la kiinitete kingine. Bawa la kuku lina vidole vitatu. Kipande kikishika, vinaota vingine vitatu, vimegeukiana na vya kwanza kama mkono ulioegemezwa kwenye kioo. Sita! Kipande cha ukubwa wa punje ya chumvi, na kinaliamrisha bawa zima. Nimetembea hadi nyumbani nikiviangalia vidole vyangu.

Jumanne, 4 Juni

Leo kukata dirisha. Yai linalazwa ubavu. Unanyonya ute kidogo kwa sindano ili kiinitete kishuke, kisiguse ganda. Halafu mkasi, tundu dogo juu — na moyo huo hapo, nukta nyekundu inayodunda. Unaziba kwa selotepu.

Langu la kwanza lilitoka safi. La Miwani lilivuja mezani.

"Dada, hili nikaange?"

Bi Taratibu hakucheka. Aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Jumatano, 5 Juni

Mayai mazima ya akiba nayageuza mimi, asubuhi na jioni. Hakuna aliyenituma. Nayachora kwa penseli, msalaba upande mmoja, duara upande wa pili, kama mama anavyofanya na ya kuku wake. Leo wakati wa chai nimewaeleza wenzangu: yai lisipogeuzwa, kiinitete kinagandia ganda. Mama yangu hajawahi kukosa jioni hata moja, na vifaranga vyake ni shahidi. Wote walisikiliza. Hata Bi Taratibu alitikisa kichwa kukubali. Miwani akauliza kama jioni ni muhimu kuliko asubuhi. Nikamwambia jioni ndiyo roho ya kazi.

Nilijisikia mwalimu msaidizi. Na kwa kweli nilifundisha vizuri.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kupandikiza. Kipande kinashikiliwa na waya mwembamba kuliko unywele, umekunjwa kama pini ya stepla. Ukivuta pumzi vibaya unaupoteza. Nimemaliza mayai matano, Miwani manne. Bi Taratibu alisimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akaondoka bila kusema "taratibu". Kwake hiyo ni sifa.

Mkono wangu hautetemeki. Sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu kwenye shajara yangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Shule imepiga simu. Binti yangu ana homa. Nimeondoka kabla ya wenzangu. Nikamwambia Miwani aniangalizie mayai. Akasema, "Nenda, dada. Kila kitu kitafanyika kama unavyofanya wewe."

Homa imeshuka. Amekunywa uji.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefungua mashine, nimeona madirisha yangu yametazama chini.

Yote matano. Selotepu imelowa, ute umechuruzika hadi kwenye trei. Sikupiga kelele. Nimeyageuza moja moja, nikayaweka chini ya taa. Manne, kiinitete kimegandia selotepu, moyo umesimama. La tano moyo unadunda. Polepole, lakini unadunda. Waya sijauona. Huenda umezama, huenda umeng'oka na kipande chake.

Yai zima hugeuzwa. Yai lenye dirisha haligeuzwi kamwe. Mtoto wa darasa la kwanza angekaa siku moja na sisi angelijua hilo.

Miwani akaingia anapiga mluzi. Alipoiona trei mluzi ukakatika katikati.

"Nani kayageuza?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Na yako?"

"Yangu sijayagusa. Mwalimu alisema tusiguse." Alivua miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa tena. "Ila wewe una utaratibu wako, dada. Ulisema jioni ndiyo roho ya kazi. Nikaona umeondoka haraka kwa ajili ya mtoto, nikasema nisikuangushe."

Nilitafuta hila usoni mwake. Nilitafuta kwa bidii, maana ingenisaidia. Hakuna. Ni heshima tu, na imeniulia mayai manne.

Baadaye akanisogelea. Yake manne yote ni mazima. Akasema nichukue mawili, hakuna atakayejua.

"Mimi nitajua."

"Basi chukua moja, ujue kidogo."

Nusura nicheke. Nikamwambia aende akanywe chai.

Jumapili, 9 Juni

Nimemsimulia mama, nikitegemea anihurumie. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Kwa hiyo huyo kijana alifanya ulichomfundisha."

"Mama, nilisema mayai mazima."

"Ulisema mazima, au ulisema mayai?"

Nilisema mayai.

"Na mimi umeniingiza humo. Watasema mama yake ndiye aliyeua vifaranga."

Jumatatu, 10 Juni

Bi Taratibu ameiona trei yangu. Akauliza mbele ya wote ni nani aliyegeuza mayai yenye madirisha. Kwa sauti ileile ya chini, ambayo leo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Miwani alikuwa ameanza kusimama. Neno moja tu kutoka kwangu, na chumba kipya ni changu. Nililiona neno lenyewe, fupi, jina la mtu.

Nikasema, "Mafunzo yalikuwa yangu, mwalimu. Nilieleza nusu. Mkono ulikuwa wa mwingine."

"Wa nani?"

"Wa mtu aliyenisikiliza."

Miwani akamalizia kusimama. "Wangu." Basi, kazi yangu yote ya kumficha ikaishia hapo. Kijana hana akili ya kujificha hata akifunikwa.

Bi Taratibu alitutazama kwa zamu. Kisha akaniuliza mimi: chumba kikiwa chako, na mikono yote itakayoingia humo utaijibia? Nikasema ndiyo. Nilisema bila kufikiri, na nikifikiri sasa jibu ni lilelile. Akasema tutaona bawa.

Alhamisi, 13 Juni

Yai langu la tano limefika siku yake. Moyo haukusimama hata siku moja. Leo tumevitoa viinitete na kuvitia kwenye dawa ya kukausha, na jioni hii kwenye rangi ya bluu inayonywewa na gegedu, ule mfupa laini, peke yake. Kwa sasa bawa ni nyama tu, huwezi kuhesabu chochote.

Bawa la kulia limeonekana pana kuliko la kushoto. Au nimetaka liwe pana. Nimemwuliza Miwani, akasema ni pana. Lakini Miwani angesema ni pana hata lisingekuwepo.

Ijumaa, 14 Juni

Rangi imeoshwa. Kilichobaki ni mafuta ya kung'arisha, yananukia kama dawa ya kuchua misuli, chumba kizima kama hospitali ya wacheza mpira. Nyama inageuka kioo polepole na vidole vya bluu vinatokeza. Inachukua mchana mzima. Bi Taratibu atapita meza kwa meza kabla ya kufunga.

Saa saba mama akapiga simu. Leo ndiyo kliniki ya goti lake, na binti hana wa kubaki naye. Ni ileile Ijumaa, imerudi na nguo nyingine.

Ningeweza kumwachia kichupa chenye bawa langu mtu mwingine. Dada wa meza ya mlangoni aliomba mwenyewe. Nimempa Miwani.

Akakipokea kwa mikono miwili. "Sitakigusa, dada, hata kikiniomba."

"Utakigusa. Utabadilisha mafuta, utakiangalia. Ukiona jambo usilolielewa, niulize. Usiniheshimu."

"Sawa."

"Niulize tu."

Sasa niko nyumbani. Mama amerudi na goti lake, dawa mkononi, analaumu foleni. Binti anafananisha viganja vyake, kidole kwa kidole, akiniuliza kuku wa vidole sita atavaaje pete.

Simu imelia. Ni picha kutoka kwa Miwani, na chini yake swali, mara ya kwanza ananiuliza kabla ya kugusa: "Dada, hiki kiputo nikitoe au nikiache?"

Bawa langu hilo, la bluu, liking'aa. Katikati kuna kiputo cha hewa kikubwa kama kifungo. Nimeanza kuhesabu kutoka ukingo wa nyuma. Kimoja, viwili, vitatu, vimekaa sawasawa. Halafu kiputo. Na upande wa pili wa kiputo, pale mbele ambapo bawa lingetakiwa kuwa limekwisha, kuna ncha ya bluu.

Inaweza kuwa kidole. Inaweza kuwa ukunjo wa ngozi uliokunywa rangi.

Mama amechungulia simu begani kwangu. "Mwambie asiguse."

Nimemwandikia Miwani: "Umefanya vizuri kuuliza. Inamisha kichupa kidogo, upande wako, kiputo kitapanda chenyewe. Wewe unaweza."

Alama za bluu zinaonyesha amesoma. Navaa viatu nirudi kwenye kozi kabla ya kufunga. Hajajibu — ina maana mikono yake ina kazi.