Sigara za Matanga ya Mama Emerensiana

Mwaka mzima umekatika, Mama, tangu presha ikuangushe mlangoni mwa kliniki ya wajawazito hapa Kihagara, gauni lako jeupe la uuguzi likiwa bado lina joto la pasi. Watu wanatuambia tumshukuru Mungu. Tunamshukuru, lakini roho inatuuma.

Hukuwa na mahubiri wewe. Mjamzito akiingia ananuka tumbaku, uliliinamia tumbo lake kwanza: "Hujambo, mjukuu? Moshi haukuwashi macho humo?" Mama wa watu anacheka, kisha anaanza kulia. Ndipo unampa kipande cha muhogo mbichi. "Hamu ikija, tafuna hiki. Na mumeo mlete. Wewe uache yeye anavuta, ni kazi bure." Wanaume walikuja wamenuna kama watoto wanaoogeshwa, na wengi waliacha.

Wa mwisho alikuwa mkamwana wako, Marselina. Jioni zote ulikaa naye jikoni, maana alisema baada ya kula ndipo hamu humshika. Akaacha kabisa. Ukafa mimba yake ikiwa na miezi saba.

Kwenye matanga, shemeji yako Antoni akaleta sigara za wanaokesha, kama kawaida ya misiba ya huku. Tukamwambia, jamani Baba mdogo, hata kwa huyu? Akasema, "Wanaume hawakeshi mikono mitupu. Msituletee mambo ya kizungu." Akazigawa mpaka upande wa wanawake. Marselina alikuwa analia. Antoni akamwashia moja yeye mwenyewe, eti apoze uchungu.

Marselina hakuacha tena. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, tukampa jina lako, na juma halikuisha tukamzika. Manesi hawakusema ni moshi, nasi hatujui. Ila tuna hasira, Mama, na haipoi.

Misa ya kukuombea ni Jumapili. Sigara hakuna. Anayeona hawezi, abaki kwake.

Tunaokulilia ni mumeo Mzee Damiano, wanao Eunice na Nicholaus, na dada yako Luisa. Antoni aliomba awemo, tumekataa. Marselina yumo. Ana mimba nyingine, bado anavuta, anataka kuacha, na kila akimaliza kula anatuuliza aende kwa nani. Hatuna wa kumtajia.

Haitapita siku bila jina lako kutajwa nyumbani humu, Mama.